Utamu wa Milimani: Wimbi, Ndizi na Futari ya Kisii na Nyamira

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba ladha na akaumba ulimi wa kuionja. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Wasomaji wetu wapenzi, kila nyumba ya pwani ina sahani yake ambayo ikifunuliwa kawa, watu huwakumbuka waliotangulia. Wako wanaomkumbuka bibi yao kwa kaimati zilizokolea shira, wako wanaomkumbuka kwa visheti, na wako ambao harufu ya iliki katika mkate wa sinia huwarudisha utotoni hata wawe ughaibuni miaka thelathini. Mambo haya tunayajua, na tumekwisha kuyaandika. Leo tunataka kuuliza jambo lililo jirani nalo: je, Mwislamu aliyezaliwa milimani, ambaye bibi yake hakuwahi kukuna nazi wala kutwanga iliki, anayo sahani yake mwenyewe ya kufuturia, au ni sharti aazime yetu? Swali hili tulikutana nalo katika safari yetu ya mwezi wa Shaaban kwenda Kisii na Nyamira, na tumeona si la kunyamaziwa.

Atokaye pwani kwenda huko hupita Nairobi, akateremka Bonde la Ufa hadi Narok, akaendelea Bomet, Kaplong na Sotik, kisha akaingia nchi ya Wagusii kwa upande wa Keroka, mji ambao kaunti mbili za Kisii na Nyamira zinapakana ndani yake. Kuanzia hapo macho hayapati uwanda. Ni kilima juu ya kilima, na kila kilima kimelimwa tangu kileleni hadi kijitoni. Mji wa Kisii, ambao wenyewe huuita Getembe au Bosongo, uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mvua inayonyesha nchi hiyo huzidi milimita 1,500 kwa mwaka. Upande wa Nyamira majani ya chai yametandazwa kama mkeka wa kijani, na baina ya shamba na shamba imesimama migomba.

Migomba hiyo ilitukumbusha Suratul Waqia, pale Mwenyezi Mungu anapoitaja miti ya watu wa kuliani, na katika aya ya 29 likaja neno ‘talh’. Wafasiri wengi walisema kuwa talh ni migomba, na wako waliosema kuwa ni mti mwingine wa nyikani. Sisi hatuingii katika hitilafu hiyo, ila twasema kwamba mtu aliyesimama juu ya kilima cha Nyamira asubuhi, akatazama bonde lililojaa migomba iliyopangana, hupata njia nyepesi ya kuielewa kauli ya kundi la kwanza.

Tulizunguka soko la Daraja Mbili mjini Kisii tukitafuta vitamu vya wenyeji. Mtu wa pwani akitafuta utamu hutafuta kitu kilichopikwa kando, kikatiwa sukari, kikawekwa kwenye sahani ndogo, kikaletwa baada ya chakula au pamoja na kahawa. Kitu cha namna hiyo hatukukiona katika upishi wa asili wa Wagusii. Halwa hawana, wala kashata, wala vitumbua, isipokuwa vile vilivyofuatana na wageni. Lakini baada ya siku mbili tulitambua kwamba utamu wao hauwekwi kando, bali umo ndani ya chakula chenyewe. Ni ndizi mbivu zinazoliwa mchana shambani, ni viazi vitamu na maboga ya kuchemsha yanayoteremshwa kwa chai ya maziwa asubuhi, ni muwa unaotafunwa njiani na watoto watokao shule. Na juu ya hivyo vyote kuna wimbi, ambalo wengine wetu huliita ulezi, na Wagusii huliita obori.

Obori kwao ni zaidi ya nafaka. Ugali wake mweusi, obokima, ndio uliokuwa ukiwekwa mbele ya mgeni wa heshima, na uji wake, erongori, ndio uliokuwa ukimlea mtoto anapoachishwa ziwa na kumpa nguvu mama aliyejifungua. Wimbi likikauka vizuri hukaa ghalani miaka mingi bila kubunguliwa, kwa hiyo mwaka wa njaa lilikuwa ndiyo akiba ya mwisho. Nalo lina manufaa ya mwili: kila gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300 za madini ya chokaa yanayojenga mifupa na meno, kiasi ambacho mahindi na mchele havifikii hata kwa mbali. Leo mahindi na chai vimelisukuma wimbi pembezoni mwa shamba, lakini katika nyumba ya mwanamke mzee halikosekani.

Ama Waislamu wa nchi hiyo, si wengi, lakini si wageni wa jana. Waingereza walipoweka kituo chao Kisii mwaka 1907, walikuwa na askari wa asili ya Sudan katika jeshi lao. Wazao wa askari wa namna hiyo ndio Wanubi, na mtaa wa Nubia mjini Kisii ungali na jina lao. Wakaja pia wafanyabiashara Waswahili na Wasomali, na miaka ikipita Wagusii wenyewe wakasilimu, mmoja hapa na nyumba moja pale. Kwa hivyo futari ya mji wa Kisii ina sahani za safari nyingi: gurusa ya Kinubi, sambusa, kaimati za Kiswahili, na tende zilizopanda basi kutoka Nairobi. Mjini hapo hapana tabu. Tabu tuliikuta vijijini, kwa wale waliosilimu peke yao katika ukoo mzima.

Katika kijiji kimoja upande wa Nyamira tulikaribishwa na kijana ambaye ana miaka mitatu tangu aingie katika Uislamu. Ni mwalimu, ana mke na watoto wawili, na mama yake mzazi anaishi ua mmoja naye. Mama huyo hakusilimu. Tulipofika alitupokea kwa heshima kubwa, tukamwamkia kwa jina la heshima la kwao, omong'ina, akafurahi. Kisha akatuletea uji wa wimbi katika vikombe vikubwa. Tukaona kijana ameshika kikombe chake bila kukipeleka kinywani, na uso wake umebadilika.

“Shehe,” alisema kwa sauti ya chini, “naomba mnisaidie kabla hamjanywa. Wimbi hili ndilo wanalotia katika pombe. Na mama huuacha uji wake siku mbili upate ukali kidogo. Niliposilimu niliambiwa na mtu mmoja kwamba vitu hivi ni vya ujahiliya, na kwamba Mwislamu hufuturu kwa tende na kaimati. Tangu hapo sijaugusa, wala watoto hawaugusi.”

Tulimwuliza, “Na Ramadhani iliyopita mlifuturu nini?”

“Tende zilikuwa ghali, shehe, nazo zikakatika baada ya siku nne. Kaimati mke wangu hajui kuzipika. Tulinunua soda na mandazi dukani.”

Mama alikuwa akitutazama. Hakuelewa Kiswahili chetu chote, lakini alielewa kikombe. Akasema maneno kwa Kigusii, taratibu, na mwanawe akainamisha kichwa. Tulipomwomba atufasirie alisita, kisha akasema: “Anasema dini imemchukua mtoto wake naye hakugomba, kwa kuwa inamfaa, ameacha ulevi. Lakini anauliza, na chungu chake kina kosa gani? Anasema alinilea kwa uji huu baba alipofariki. Kila jioni ya Ramadhani aliupika akauleta mlangoni, na kila jioni ukarudi kama ulivyokuja.”

Jambo hili, ndugu zetu, si dogo. Hapo palikuwa na mama aliyekuwa akigonga mlango wa Uislamu jioni thelathini akiwa na kikombe mkononi, na kila siku akirudishwa. Na palikuwa na kijana mwenye nia safi aliyedhani kwamba anamtii Mola wake kwa kumrudisha. Baina ya wawili hao hapakuwa na aya wala hadithi. Palikuwa na desturi ya pwani iliyovishwa kanzu ya dini.

Tulianza na hukumu, kwa kuwa moyo haupati raha mpaka hukumu iwe wazi. Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, alifundisha kwamba kila kinacholevya ni haramu, kiwe kingi au kichache. Sababu ya uharamu ni kulevya. Punje yenyewe haina dhambi. Imepokewa katika Sahihi Muslim kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume alikuwa akirowekewa zabibu katika maji, akanywa siku hiyo, na ya pili, hadi jioni ya tatu, kisha kilichobaki hakinywi tena. Uji uliopata ukali mdogo wa siku mbili, usiolevya wala kubadilisha akili, ni halali. Ukizidi ukafikia mpaka wa kulevya, humwagwa. Na anayeona shaka aupike ule usiolazwa, nao ni mtamu vilevile. Ama pombe ya wimbi, hiyo haina fatwa wala njia ya kuikwepea.

Tukamwonyesha kijana aya ya 67 ya Suratun Nahl, inayoeleza kwamba kutokana na matunda ya mitende na mizabibu watu hufanya kinacholevya na pia hupata riziki njema. Tende hiyo hiyo aliyoambiwa ndiyo futari ya Mwislamu, kuna watu waliofanya ulevi kwayo, na ulevi huo haukuitia tende najisi. Kama ni hivyo, wimbi la mama yake lina hatia gani? Na aya mbili zinazofuata zinataja nyuki na asali yake, nayo ni utamu ambao Mwenyezi Mungu ameuweka milimani kabla ya kuuweka penginepo.

Ama kufuturu, hadithi ya Anas iko wazi. Mtume alifuturu kwa tende mbichi kabla ya kuswali, zisipokuwepo kwa tende kavu, na zikikosekana, kwa mafunda ya maji. Baada ya tende ni maji, na maji milima ya Gusii haijapungukiwa. Kaimati hazimo katika mlolongo huo. Ni kweli kwamba Bi Aisha, Mungu amwie radhi, alisimulia kuwa Mtume alipenda ‘halwaa’ na asali. Lakini wanazuoni wamelieleza neno hilo kuwa ni kitu kitamu kwa jumla, si halwa hii ya Maskati na Unguja inayosongwa kwa wanga, samli na iliki. Ndizi mbivu imo ndani ya neno hilo, na muwa umo.

Na tujihoji sisi wenyewe watu wa pwani. Hizi sahani tunazozisifu zilitoka wapi? Halwa imefuatana na majahazi ya Oman. Kaimati zetu ndizo ‘luqaimat’ za Waarabu wa Ghuba, na ndugu yake wa zamani, ‘luqmat al-qadi’, yumo katika kitabu cha upishi kilichoandikwa Baghdad katika karne ya 13. Sambusa zilitujia kwa njia ya Bara Hindi na Uarabuni. Na kabla unga wa ngano haujazagaa madukani, wazee wetu wa Lamu na visiwa vyake walioka mkate wa mofa kwa unga wa mtama, nafaka iliyo ndugu na wimbi. Sahani zetu ni historia ya bahari yetu, nasi tunazipenda kwa haki. Lakini si nguzo ya sita ya Uislamu, na asiyekuwa nazo hakupungukiwa chochote katika swaumu yake.

Katika nyumba ya Bi Maimuna, Mtume aliletewa kenge wa jangwani aliyechomwa. Akauondoa mkono wake. Khalid bin Walid akauliza kama ni haramu, akajibiwa kwamba sivyo, ila mnyama huyo hakuwako katika nchi ya watu wake, kwa hiyo nafsi yake haimpendi. Khalid akamla, na Mtume akitazama. Mafunzo mawili yamo humo. Ulimi wa mtu hufuata nchi aliyolelewa, wala hilo si aibu. Na ulimi wa mmoja, hata akiwa ni mbora wa viumbe, hakuufanya kuwa sheria juu ya ulimi wa mwingine.

Kisha tukamwambia kijana jambo la mwisho, na hili ndilo lililomliza. Bi Aisha alikuwa akiagiza apikiwe aliyefiwa na mgonjwa uji laini wa shayiri, talbina, kwa kuwa alimsikia Mtume akisema kwamba unautuliza moyo na kuondoa baadhi ya huzuni. Mama yake alipofiwa na mume alimlea yatima wake kwa uji wa nafaka, bila kuijua hadithi hiyo. Na Suratu Luqman imemwamrisha mwana kusuhubiana na wazazi wake kwa wema hapa duniani, hata kama wanamshurutisha kumshirikisha Mungu. Hapo asiwatii, lakini wema ubaki. Mama huyu hakumshurutisha mwanawe chochote. Alimletea uji tu.

Sisi tulikwisha kunywa. Ulikuwa mzito, wenye ukali mdogo mwishoni mwa ulimi, na harufu ya moshi wa kuni. Kijana alipiga bismillah, akanywa. Mama hakusema neno. Alisubiri mpaka kikombe kikawa kitupu, akakichukua, akakijaza tena. Ndipo akaanza kusimulia, naye mwanawe akifasiri: jinsi alivyosaga kwa jiwe usiku ili mtoto aende shule ameshiba, jinsi alivyoficha sukari guru ndani ya debe la mbegu, akimega kipande kidogo cha kutia katika uji siku ya mtihani. Kijana hakujua habari ya kipande hicho. Alikuwa akidhani, alisema, kwamba uji wa siku hizo ulikuwa mtamu kwa sababu ya furaha.

Sukari guru hiyo nayo ina mafunzo. Sehemu za chini za nchi ya Gusii, kuelekea Migori na Transmara, hulima miwa. Mbali na ile inayokwenda katika viwanda vikubwa kama cha Awendo, iko inayokamuliwa katika mitambo midogo, maji yake yakachemshwa katika masufuria mapana, yakaenguliwa povu, yakageuka mazito na ya rangi ya kahawia, kisha yakagandishwa. Kipande chake kina ladha ya muwa na moshi, ambayo sukari nyeupe haina. Lakini sehemu ya sukari guru huishia kwa wapikao chang'aa, na nyumba zilizobomoka kwa chang'aa ni nyingi. Kama ilivyo kwa wimbi, njia ni mbili kutoka shamba moja. Mwislamu wa Gusii anayekinunua kipande hicho kwa ajili ya futari ya wanawe ameipa miwa hiyo njia njema, na hilo ni daawa isiyohitaji kipaza sauti.

Tuna neno kwa wasomaji wetu. Wengi wenu mna wakwe, walimu, madaktari na majirani kutoka Kisii na Nyamira. Baadhi yao ni Waislamu wapya, na wengine mwawaalika futari. Msiwafundishe upishi wetu kwa jina la dini. Wafundisheni swala, tohara na uchinjaji wa kisharia, muwahadharishe na ulevi, kisha muwaulize mama zao walipika nini, na mketi mle pamoja nao. Mkienda kwao chukueni tende na iliki kuwa zawadi, na mrudi na unga wa wimbi kuwa zawadi yenu.

Kwa anayetaka kujaribu Ramadhani ijayo, upishi ni mwepesi. Koroga vijiko vinne vya unga wa wimbi katika kikombe kimoja cha maji baridi mpaka madonge yaishe. Chemsha vikombe vitatu vya maji, umimine mchanganyiko huo huku ukikoroga, uache uive kwa moto mdogo kiasi cha robo saa. Tia maziwa kikombe kimoja, ndizi mbivu moja iliyopondwa, na kipande kidogo cha sukari guru. Mwenye maradhi ya sukari aiache hiyo sukari, na kuhusu ndizi afuate alivyoagizwa na tabibu wake. Mpenda iliki atie iliki, na asiyekuwa nayo hakukosa kitu. Unyweke baada ya maji na tende kama zipo, kabla ya vyakula vizito, nao utaushika mwili mpaka baada ya tarawehe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape Waislamu wa Kisii na Nyamira uthabiti katika dini yao, awaongoze mama zao na baba zao, na asiifanye desturi yetu kuwa ukuta baina ya mwana na mzazi wake. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.